Goti limevunjika, upasuaji unasubiri: je, ni uzembe?

Mwulizaji: Habari zenu. Mdogo wangu aligongwa na bodaboda siku nne zilizopita, na picha zinaonyesha kwamba sehemu ya juu ya muundi, pale unapokutana na goti, imepasuka na upande mmoja umedidimia. Amefungwa vyuma vya nje vinavyovuka goti, na daktari anasema atapasuliwa uvimbe ukipungua, pengine baada ya wiki moja au mbili. Shangazi zetu wanaona huo ni uzembe na wanataka apelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa akakandwe. Naomba kueleweshwa.

Muuguzi wa mifupa: Pole sana, ndugu yangu. Kusubiri huko ni sehemu ya tiba, kwa sababu ngozi ya mbele ya muundi ni nyembamba, na ikikatwa ilhali imevimba na kutoa malengelenge, kidonda hukawia kufunga na vijidudu huweza kuingia hadi kwenye chuma. Sisi wodini hungoja ngozi ianze kufanya mikunjo. Kuhusu kukanda, mvunjiko huu umeingia ndani ya kiungo, kwa hiyo uso wenye gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, sharti urudishwe usawa wake, la sivyo goti huenda upande na kusagika mapema. Daktari hukiinua kipande kilichodidimia, hujaza pengo lililobaki chini yake, mara nyingi kwa mfupa uliochotwa nyongani, kisha hubana kwa bamba na skrubu. Kazi hiyo haifanyiki kwa mikono juu ya ngozi. Lisilosubiri ni hili: maumivu yakizidi licha ya dawa, hasa vidole vya mguu vinaponyooshwa, na muundi ukawa mgumu kama ubao, mwiteni daktari papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Aliyepitia: Mimi nilikatazwa kukanyaga kwa wiki 12, lakini niliamriwa kuanza kukunja goti siku ya pili baada ya upasuaji. Niliogopa maumivu, nikategea mazoezi, na hadi leo siwezi kuchuchumaa. Vyoo vyetu mnavijua. Msimwonee huruma kwenye mazoezi.

Mwulizaji: Nashukuru, nitawasomea shangazi. Vidole anavichezesha vizuri. Ila anavuta sigara, kuna neno?

Muuguzi wa mifupa: Lipo. Aache leo, maana sigara huchelewesha kidonda kupona na mfupa kuunga.