Canal+ wameichukua DStv: tamthilia zetu zitapona?

Kijana wa Tandale
Wakuu, habari za mchana. Tangu Septemba 2025 Canal+, kampuni ya televisheni ya Ufaransa, ndiyo yenye MultiChoice, yaani DStv na chaneli yake ya Maisha Magic Bongo. Hawa si wauza ving'amuzi tu. Wana kampuni yao ya filamu kwao, StudioCanal, 2019 walinunua studio ya ROK ya Nigeria, 2022 wakachukua Zacu ya Rwanda. Amazon wa Prime Video nao Januari 2024 waliacha kuagiza filamu mpya za Afrika. Wanunuzi wanazidi kupungua. Mnunuzi mkubwa wa tamthilia za Kiswahili akiwa Paris, tunapata au tunapoteza? Mimi naogopa. Akibaki mmoja, bei anapanga yeye.

Mpenda Sinema
Tupoteze nini? Mwanamke anaamka usiku wa manane, kope za bandia zimegusa nyusi, wigi limelala vizuri kama anakwenda harusini. Miaka kumi tunalalamika hilo hilo. Mimi Mfaransa namkaribisha kwa mikono miwili, labda ataleta nidhamu.

Binti Mekapu
Kaka, hapo umenigusa. Hizo kope nazibandika mimi.
Ngoja nikueleze siku yetu ilivyo. Nyumba imekodiwa siku moja. Asubuhi tunapiga jikoni, mchana sebuleni, usiku chumbani, na vipande hivyo ni vya sehemu tatu tofauti za tamthilia. Dada anatoka kwenye sherehe ya sehemu ya tisa anaingia kitandani sehemu ya saba, halafu anarudi kwenye sherehe. Nikimtoa kope na kumbandika upya, muda umekwenda, dairekta anaangalia saa, mwenye nyumba yuko mlangoni anataka nyumba yake. Nipe siku mbili kwa kazi ya siku mbili, uone kama sijui uso wa mtu aliyetoka usingizini.

Mpenda Sinema
Dada, sikukusema wewe binafsi. Lakini enzi za mwigizaji Kanumba bajeti ilikuwa wapi? Mbona tulikuwa tunalia kweli?

Mzee wa Kava
Enzi za Kanumba nilikuwemo, kijana, kwa hiyo tusikilizane. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mteja anunue CD mbili, na mlinung'unika vilevile. Kanumba alifariki Aprili 2012 na watu mnasema soko lilikufa naye. Soko liliuawa na karatasi. Mimi niliuza filamu mbili kwa msambazaji kwa mkupuo, haki zote, milele. Leo ziko YouTube kwenye chaneli ya mtu nisiyemjua. Steringi wangu alishatangulia mbele za haki, na mama yake ananipigia kuuliza fungu la mwanawe. Nimjibu nini?

Wa Nairobi
Pole mzee. Lakini si ulisaini? Na tuseme ukweli, kilichowamaliza ni vibanda vya video. Huku kwetu mtu analipa shilingi chache, anaona filamu ya kigeni DJ Afro akimsimulia kwa Kiswahili, anacheka mpaka machozi. Ya kwenu iliyokatwa mara mbili angeinunua ya nini?

Mzee wa Kava
"Si ulisaini" ni neno la mtu ambaye hajawahi kudaiwa na watu thelathini kwa wakati mmoja. Waigizaji, mwenye kamera, mama wa chakula, wote walikuwa mlangoni kwangu. Msambazaji alikuja na hela mkononi. Wewe ungeomba wiki ya kusoma kurasa?

Wa Nairobi
Mzee, nimekosea kusema vile. Nakuomba radhi. Ila kwa DJ sibadilishi.

Mpenda Sinema
Na wewe mleta mada, Canal+ si walinunua 2024? Mbona unatuchanganya?

Kijana wa Tandale
2024 walitoa ofa, randi 125 kwa hisa. Umiliki umekamilika Septemba 2025. Jamani, turudi kwenye mada. Au basi, aliyoyasema mzee ndiyo mada yenyewe. Kumbe mnunuzi awe Paris au msambazaji wa Kariakoo, tatizo ni lile lile la kuuza kila kitu siku ya kwanza. Kwa nini prodyuza asiuze haki ya kuonyesha kwa miaka mitatu tu, halafu kazi irudi kwake?

Mzee wa Kava
Kwa sababu kituo ndicho kinachotoa hela ya kupigia picha, mwanangu. Anayelipa mafuta ya jenereta anasema kazi ni yake. Ukija na filamu yako imekamilika, hapo unaweza kuzungumza miaka. Wangapi wanaweza?

Binti Mekapu
Na hela hiyo ya kituo ndiyo inayoamua nyumba ikodiwe siku moja au mbili. Mpenda Sinema bado hajanijibu. Nasubiri.