Dizaina mliomo humu, vitabu gani vya mapambo na bustani mnavirudia kweli?

mama_iyumbu
Wakuu habari za jioni. Nilihamia Dodoma na ofisi, huu mwaka wa tano, nikachoka kupanga, nikajibana nikapata kiwanja Iyumbu na sasa nyumba iko kwenye kupaua. Shida yangu kichwa kimejaa picha za mtandaoni, kila nikishika simu naona sebule nzuri kuliko ya jana, leo nataka kijivu kesho nataka rangi ya udongo, mume wangu anasema nikiendelea hivi tutahamia haina rangi. Bustani ndo usiseme. Mwaka jana nilitangulia kuotesha nyasi hata ukuta haujaisha, nikaagiza pasipalamu kutoka Dar zikaja kwenye kenta zimefunikwa magunia mabichi, Februari zilikuwa kijani mpaka majirani wanakuja kupiga picha, Septemba pakawa kama mkeka uliomwagiwa jiki. Maji ya mgao, upepo, jua. Basi nimeamua niache picha nisome. Sitaki orodha ya vitabu mia, nataka vile ambavyo wewe dizaina ukikwama unavifungua tena.

fundi_kajembe
Vitabu vya nini tena dada angu, mwaga pevingi uwanja mzima, weka vyungu viwili getini, umemaliza.

bi_mapazia
Kajembe acha zako, pevingi uwanja mzima Dodoma, saa nane mchana joto lote linapanda linaingia dirishani, atalala na feni mpaka alfajiri.

Mama Iyumbu, kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa, nilianza kwa kushona mapazia. Vitabu ninavyo vingi ila vingi vyake niseme ukweli ni vya kuweka mezani wateja wavione. Vilivyochakaa ni vitatu.

Cha kwanza A Pattern Language cha Christopher Alexander na wenzake, kilitoka 1977. Kinene kama Biblia, kina vipengele 253, na ukitafuta picha za kupendeza utakirudisha dukani. Usikisome chote. Mimi kimenilipa kwa vipengele viwili tu. Kimoja kinasema chumba kipate mwanga kutoka pande mbili, maana mwanga ukitoka upande mmoja sura za watu zinakuwa nusu giza na chumba kinahamwa bila mtu kujua sababu. Kingine ni cha baraza, kwamba ikiwa na kina chini ya futi sita, yaani mita 1.8 hivi, watu hawaikalii. Hicho nilikibishia sana. Halafu nikaitwa kwa mteja mmoja, baraza ya mita 1.2, vigae vya bei, viti vinne vimebanwa ukutani kwenye mstari kama tunasubiri kuitwa na daktari, binti akatokea na sinia la chai ikabidi wote tuinue magoti apite, chai ikamwagikia sahani, mwenyeji mwenyewe akasema jamani tuingieni ndani. Nilitoa futikamba kwenye mkoba nikapima nikanyamaza. Tangu siku hiyo ramani ikija mezani kwangu kitu cha kwanza naangalia kina cha baraza, rangi baadaye.

Cha pili kijitabu cha Mjapani, Tanizaki, In Praise of Shadows, cha 1933. Unakimaliza jioni moja. Anaanza kwa kulalamika ilivyo kazi kujenga nyumba ya kijapani halafu uhangaike kuficha nyaya za umeme, utadhani kagombana na fundi wa hapa Kisasa. Halafu anaeleza vyombo vyao vyeusi vya laka, ile rangi yao ya kung'aa, vilivyochorwa dhahabu, kwamba chini ya taa kali vinapiga kelele tu, ila kwenye mshumaa ile dhahabu inajitokeza kidogo kidogo kutoka gizani. Sisi tunaweka taa 24 kwenye jipsamu ya sebule moja, na utepe wa taa unaobadilika rangi juu yake, mgeni akikaa anajiona yuko duka la simu. Siku hizi nawawekea wateja taa tatu za pembeni, ile ya juu ibaki ya kutafutia sindano.

Bustani, The Dry Garden cha Beth Chatto, 1978. Alikuwa Essex, upande mkavu wa Uingereza, mvua yao kama milimita 500 kwa mwaka, haipishani sana na ya kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kitabu kimeshatoka zamani, alichukua pale walipokuwa wanapaki magari, udongo changarawe tupu, akaatua, akachanganya mboji, akapanda, akatandaza kokoto juu, na sharti likawa mimea ikishashika haimwagiliwi tena. Msimamo wake wote ni kwamba usilazimishe mmea ukae usipopataka. Pasipalamu yako ndo hiyo.

mgogo_wa_mvumi
Dada hapo kwenye mvua nakukatalia kwa heshima zote. Milimita sawa, lakini ya kwao inadondoka kidogo kidogo mwaka mzima na jua lenyewe la kuota. Ya kwetu inashuka Desemba mpaka Aprili yote, basi, miezi saba inayobaki ni vumbi na upepo. Akinunua mimea aliyoitaja huyo mama wa Essex itakufa na kitabu mkononi. Atafute Useful Trees and Shrubs for Tanzania, cha 1994, Mbuya na wenzake, kina michoro na majina ya Kiswahili na ya makabila, Kigogo kimo. Kimeandikwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, neno mapambo usilitegemee, ila ukitaka kujua mti gani unavumilia ukame na unakuzwaje, humo. Na mbele ya baraza aweke kichanja cha mzabibu jamani, yuko Dodoma, zabibu zinamngoja.

bi_mapazia
Nakubali kaka. Achukue kokoto na lile sharti, majina ya mimea achukue kwako. Kichanja cha mzabibu nakiiba nikawape wateja.

zidaka_lamu
Mbona hamtaji vya kwetu? Usam Ghaidan, Lamu: A Study of the Swahili Town, 1975, mimi nimekulia ndani ya zile nyumba na bado kilinionyesha vitu nilivyokuwa napita kila siku. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita tatu hivi basi, kwa hiyo wazee wakavipanga kimoja nyuma ya chenzake, kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha msana wa tini na msana wa yuu, ndo kumbi ya chini na ya juu, halafu ndani, na kila ukiingia unapanda kidogo na giza linaongezeka. Mwanga mwingi unatoka kiwandani tu, upande mmoja, na bi mapazia hakuna aliyehama hivyo vyumba miaka mia mbili 😄 Zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, ziko kule ndani kabisa, mchana zinatoka kama maziwa. Mjapani wako angezipenda.

bi_mapazia
Umenipata hapo, sina jibu. Ila kule mtaa wenyewe ni kivuli, ukuta wa jirani uko mkono mmoja. Iyumbu nyumba imesimama peke yake juani, hapo pande mbili bado nazitetea. Halafu magharibi usiweke dirisha kubwa mama, hilo hata kitabu halihitaji.

mama_iyumbu
Yaani nimetoka kupima saa hii na tochi ya simu. Baraza yangu ni mita 1.1 😭 Nimempigia fundi usiku huu, kanuna, ila kasema nguzo za mbele bado hazijamwagwa zege, zitasogea akiongezewa nondo na siku mbili. Dirisha la magharibi lipo tena kubwa, hilo sijamwambia, namwachia mpaka kesho. Mgogo hicho cha miti nakipata wapi?

mgogo_wa_mvumi
Ninacho, njoo ukichukue Jumamosi. Ila mchwa wamekula kuanzia V kwenda mwisho, na kimepangwa kwa majina ya kilatini, kwa hiyo mkunazi, ambao humo ni Ziziphus, utaniuliza mwenyewe.