Kuvuka Likoni na gari la chini: bampa litapona?

Fielder_ya_Bara: Habari zenu. Tunashuka Diani kutoka Nairobi Jumamosi, watu watano na mizigo, kwa Fielder iliyoshushwa springi kidogo. Naambiwa feri ya Likoni, ile ya kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda pwani ya kusini, hukwangua magari ya chini. Ni saa zote au saa fulani? Na gari likiwa ndani ya feri, ni gia gani na breki ipi?

Mwana_Mtongwe: Angalia maji kabla ya saa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Hapo mteremko wa zege huwa mrefu, umelowa na una utelezi. Panapokwangua ni pale mlango wa feri unapokutana na zege: pua huinama, mara bampa liko chini. Abiria na washuke waingie kwa miguu (mguu ni bure, gari ndilo hulipiwa), gari litainuka kidogo. Pita mshazari kama mhudumu amekupa nafasi, polepole, na usikanyage breki ghafla juu ya kiungo, kwani pua huzama zaidi. Upande wa pili wakati wa kupanda, kinachogusa ni mkia. Ukiwa kwenye foleni ya mteremko, mwachie nafasi aliye mbele, hasa lori. Wengi hurudi nyuma kidogo kabla ya kushika gia.

Fundi_Spana: Kwa otomatiki: kanyaga breki, vuta handibreki, weka N, achia mguu gari litulie, ndipo uingize P. Ukianza na P, uzito wote hukaa kwenye kipini kidogo ndani ya giaboksi. Ya gia za mkono (manual): handibreki na gia ya kwanza. Shusha vioo kabla ya kuzima injini, fungua mikanda, usifunge milango kwa loki. Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume likatoka kwenye feri katikati ya mkondo, wakafa mama na mwanawe. Handibreki inayoshika nusu haifai hapa, ikazwe kabla ya safari. Maji ya chumvi yakirukia chini, osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Fielder_ya_Bara: Shukrani. Jumamosi ni mwezi mpevu, na tungefika saa nne hiyohiyo!

Mwana_Mtongwe: Basi mwatafuta nini Likoni? Mkitokea Nairobi, kateni Miritini mshike barabara ya Dongo Kundu, Mwache, Mteza, mtokeze Kibundani, kwenye barabara ya Diani. Hamwingii kisiwani kabisa, wala hamsubiri meli kubwa ipite kwenda bandari ya Kilindini, maana ikija feri husimama. Mkitaka feri kwa ajili ya watoto, liacheni gari Mombasa mvuke kwa miguu siku nyingine.