Niliandika PRESHA kwenye fomu, kocha akafuata rangi za skrini

Wadau, nina hasira tangu Alhamisi na haijashuka. Nitaeleza yote, kwa sababu najua wengi humu mnaenda jimu za aina hii, au mna mama, shangazi au mke anayeenda.

Mimi ni mama wa miaka 48. Nina presha tangu 2019, na kila asubuhi nameza atenolol ya miligramu 50. Mwezi jana binamu yangu alinishawishi tujiunge na jimu moja hapa Nairobi, upande wa Ngong Road, wale wa mazoezi makali ya vipindi: sekunde 40 unajituma mpaka pumzi ikate, sekunde 20 unapumzika, kisha tena. Nikalipa kwa M-Pesa shilingi 24,000 za miezi mitatu. Juu yake nikatoa shilingi 9,500 za saa janja, kwa kuwa bila saa yao huingii darasani. Waliniambia inapima moyo sawasawa na mashine ya hospitali.

Siku ya kwanza nilipewa fomu. Kulikuwa na swali: una ugonjwa wowote, na unatumia dawa gani? Nikaandika kwa herufi kubwa, PRESHA, ATENOLOL, nikatia sahihi. Kijana wa mapokezi akaipokea, akaitia kwenye droo, akaifunga.

Ukiingia darasani kuna skrini kubwa ukutani. Kila mtu ana kisanduku chenye jina lake, mapigo ya moyo wake kwa dakika, na rangi. Kijivu, buluu, kijani, manjano, nyekundu. Programu inachukua 220, inatoa umri wako, na hiyo inakuwa ndiyo kasi ya juu kabisa ya moyo wako. Kwangu mimi ni 172. Ukivuka asilimia 80 ya hapo, yaani mapigo kama 138, kisanduku kinageuka manjano na unaanza kuhesabiwa pointi. Chini ya hapo wewe ni mzembe.

Hiyo 220 kutoa umri imeenea duniani tangu miaka ya 1970. Ni wastani wa watu wengi waliochanganywa pamoja. Watu wawili wenye umri mmoja, wote wazima, wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi bila mmoja wao kuwa na kasoro. Na hapo bado hatujamgusa mtu anayetumia dawa. Atenolol kazi yake ni kuzuia adrenalini isiuchapue moyo. Ndiyo maana daktari alinipa. Nikijituma kufa na kupona, moyo wangu haupandi kama wa jirani yangu. Jasho linadondoka sakafuni, siwezi kumaliza sentensi ya maneno matano, na saa inasema 118. Buluu.

Na kocha anasimama mbele yangu, macho kwenye skrini, anapiga kelele: "Mathe, bado uko buluu! Unaangusha timu!"

Nilimwambia mara mbili kwamba natumia dawa ya presha. Mara ya kwanza alisema, "Sawa mathe, pole pole basi," na baada ya dakika tatu akasahau. Mara ya pili alinijibu kwamba akili ndiyo huchoka kabla ya mwili.

Wiki ya pili kulitokea jambo ambalo lingetosha kuwashtua. Nilikuwa kwenye mashine ya kukimbilia, nikijongea taratibu kupasha mwili joto, pumzi shwari, nazungumza na binamu yangu. Ghafla kisanduku changu kikawa manjano, mapigo 150. Kocha akapiga makofi: "Sasa mathe umeamka!" Mimi nikashangaa. Nikateremka, nikaweka vidole viwili shingoni chini ya taya, nikahesabu sekunde 15 kwa saa ya ukutani. Mapigo 26. Mara nne ni 104. Nikapanda tena, nikahesabu hatua zangu: zilikuwa karibu 150 kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu!

Kijana wangu ndiye aliyenielewesha. Hizi saa zina taa ya kijani mgongoni. Inamulika ngozi na kupima mwanga unaorudi, maana damu ikipita kwa wingi mwanga unaorudi hupungua. Mkono ukitikisika, mkanda ukilegea au ngozi ikipoa, inasoma mtikisiko badala ya damu. Ukitembea au ukikaa, wala si mbaya. Lakini kuruka, kujitupa kifudifudi, kupiga pushapu na kuinuka tena ndiyo hali inayoivuruga zaidi, na hilo ndilo darasa lenyewe. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, na umekuwepo tangu miaka ya 1980. Kwa nini hawakutuuzia huo?

Usinifanye nianze kalori. Kila jioni saa ilinipongeza kwa kuchoma kalori kadhaa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya mkononi. Kwenye mapigo ya moyo sita vilifanya vizuri kiasi, lakini kwenye kalori hakuna hata kimoja kilichofaa: kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibaya zaidi asilimia 93. Kuna mama darasani kwetu anakula chakula cha usiku kulingana na namba hiyo. Ananipa uchungu.

Sasa Alhamisi. Raundi ya tano nilihisi miguu inalegea na masikio yanavuma. Nikapunguza. Kocha akatazama skrini, akaona 118, akaja akaniambia kila mtu ananisubiri mimi. Watu ishirini wananitazama. Nikaongeza. Raundi ya saba nilipoinuka kutoka sakafuni ukumbi ukawa mweusi kutoka pembeni kuja katikati, na nilichokumbuka baadaye ni harufu ya ile mikeka ya mpira na binamu yangu akiniita jina la utotoni. Skrini ilikuwa bado inaonyesha kisanduku changu. Buluu.

Zahanati iko mtaa wa pili. Muuguzi alinifunga mashine ya presha, ikasoma 90 kwa 58, yaani presha imeshuka. Kabla hata sijakaa vizuri aliniuliza, "Mama, unatumia dawa gani?" Nilitokwa na machozi papo hapo. Swali lile lile la kwenye fomu, ila huyu alisubiri jibu. Akanieleza kwamba mtu wa dawa zangu hapimwi kwa namba ya saa, anapimwa kwa jinsi anavyopumua na kuongea. Ukishindwa kutoa sentensi, umeshafika kwenye ukali wenyewe, hata saa iseme nini.

Nilipofika nyumbani nikakuta kundi la WhatsApp la jimu limewekewa jedwali la wiki: majina yetu, uzito wetu, wastani wa mapigo, pointi. Mimi wa mwisho, na kialama cha kobe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti. Sikumbuki kuombwa ruhusa ya watu 140 kusoma uzito wangu.

Meneja nilimpigia Ijumaa. Alisema saa haidanganyi, na pesa hairudishwi. Nikamwomba afungue droo asome fomu yangu nikiwa kwenye simu. Akasema yuko kwenye mkutano.

Mazoezi siyakatai, msije mkanielewa vibaya. Naanza upya kwa mguu kwenye msitu wa Karura, na daktari ameniruhusu hata vipindi vya kasi, mradi nisikilize pumzi yangu.

Jumatatu narudi pale na barua mbili, moja ya meneja na nakala ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nataka shilingi 16,000 za miezi miwili iliyobaki, shilingi 9,500 za saa, jina langu litoke kwenye skrini na kwenye kundi, na ile fomu nirudishiwe mkononi. Aliyewahi kudai namna hii na akalipwa, aniambie alianzia wapi.