Kikundi cha Familia: Mabamba ya Pembeni ya Mercedes ya Baba

Ijumaa jioni

Salma: Shikamooni nyote. Mjomba Hamisi, nimeona niilete hapa habari ya mabamba ya pembeni ya gari la Baba, kwa sababu kila mtu ananipa ushauri wake faraghani na ushauri wenyewe haukubaliani. Rangi ya mabamba yale ya plastiki, yanayofunika sehemu ya chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, imeanza kubanduka kwenye kingo, na lile la mlango wa nyuma upande wa kulia lina ufa karibu na kona. Bodi yenyewe bado ni nzima na inang'aa. Je, niyapulize rangi yakiwa hapo hapo kwenye gari, au niyatoe kwanza?

Yusufu: Mimi nilikwisha kusema. Bandika tepu ya karatasi pande zote, funika bodi kwa magazeti, piga msasa, puliza, na jioni kazi imekwisha. Kuyatoa ni kujitafutia balaa, kwa kuwa vibanio vya gari la mwaka 1991 vimekauka na vitakatika vyote.

Mjomba Hamisi: Marahaba, wanangu. Yusufu, ni kweli vibanio vitakatika, na ndiyo maana vipya hununuliwa kabla bamba la kwanza halijaguswa. Lakini ukipuliza bamba likiwa kwenye gari, rangi mpya itaishia pale ilipoishia tepu, yaani kwenye ukingo wenyewe, na hapo itabaki ngazi ndogo ambayo maji na kitambaa cha kuoshea vitaanza kuichokonoa tangu wiki ya kwanza. Rangi inayodumu kwenye bamba ni ile iliyozunguka ukingo ikaingia nyuma kidogo. Tena kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza: nyuma ya mabamba hayo hujikusanya matope na unyevu, hasa karibu na sehemu za kuwekea jeki, na hakuna anayejua hali ya bati la huko mpaka ayatoe. Unaweza kulipendezesha bamba kwa nje huku chuma kilicho nyuma yake kinaliwa.

Baba: Nakubaliana na Shemeji. Ila naomba jambo moja liwe wazi kabla ya kuendelea: Yusufu amekuwa akinishawishi mabamba yapakwe buluu sawasawa na bodi. Sitaki. Gari hili ni toleo la Mercedes liitwalo W124, la baada ya mabadiliko ya mwaka 1989, na mabamba haya mapana ndiyo yaliyolitofautisha na lile la awali lililokuwa na ukanda mwembamba tu ubavuni. Bruno Sacco, aliyekuwa mkuu wa usanifu wa Mercedes-Benz, alikwisha kutumia mabamba mapana ya namna hiyo kwenye gari kubwa la W126 mwaka 1979. Ile rangi ya chini inayotofautiana na ya juu ilikusudiwa, nayo hulifanya gari lionekane jembamba na lililoketi chini. Mkiyapaka buluu mtanipa gari lenye tumbo.

Yusufu: Nimeelewa, Baba. Kijivu kibaki kijivu. Lakini tutakijuaje kijivu chenyewe?

Mjomba Hamisi: Rangi ya bodi ina namba yake, na mabamba yana namba yake tofauti. Anza na kibati cha rangi kilicho mbele, chini ya boneti. Kisha umwambie mchanganya rangi kwamba unataka rangi ya mabamba ya chini inayoendana na namba hiyo ya bodi, wala usimwachie akisie kwa macho. Hata hivyo namba ni mwanzo tu wa safari, kwa sababu bampa za gari hili zina kijivu hicho hicho, nazo zimepigwa jua miaka yote hiyo. Mkipuliza mabamba peke yake kwa rangi iliyochanganywa kwa kufuata namba, yatakuwa sahihi kwenye karatasi lakini yatatofautiana na bampa zilizo hatua moja mbele na nyuma yake. Kwa hiyo ama bampa zipulizwe pamoja na mabamba kutoka mkebe mmoja, ama rangi irekebishwe ili ifuate bampa zilizofifia. Kwa vyovyote vile, rangi ipulizwe kwanza kwenye kadi, ipakwe vanishi, ikauke kabisa, ndipo kadi ipelekwe juani na kusimamishwa kando ya gari. Rangi iliyoloa haina ushahidi.

Baba: Basi bampa nazo zipulizwe. Sitaki gari la vijivu viwili.

Salma: Asante, Baba. Mjomba, naomba unieleze namna ya kuyatoa. Kesho asubuhi nitaanza na upande wa kulia.

Mjomba Hamisi: Osha gari kwanza, hasa ukingo wa juu wa bamba, maana mchanga uliobaki hapo utaikwaruza bodi mara bamba litakaposogea. Bandika tepu kwenye bodi kuufuata ukingo wote wa juu. Kisha fungua kila mlango uangalie kingo zake kwa tochi, ulale chini uangalie na upande wa chini, kwa sababu skrubu na nati za plastiki hujificha huko, na bamba linalogoma baada ya kulegea karibu kila mara huwa limeshikwa na skrubu moja iliyosahaulika. Tumia wenzo wa plastiki, si bisibisi. Kama plastiki ina baridi, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka uihisi vuguvugu mkononi, maana plastiki kuukuu yenye baridi hukatika bila kuonya. Mabamba mengine hutoka kwa kuvutwa nje, na mengine ni lazima yateleze kwa urefu kwanza. Ukihisi bamba linataka kusogea mbele au nyuma, lifuate huko huko, usilivute kwako. Nyuma ya kila bamba kwaruza alama ya mahali pake kwa msumari, kwa sababu maandishi ya wino yatafutika utakapopangusa kwa thina. Piga picha za kila kibanio kabla hujakigusa.

Jumamosi mchana

Salma: Mabamba yote ya upande wa kulia yametoka, na vibanio vilivyopona ni vichache mno. Nyuma ya bamba la chini, karibu na mahali pa jeki pa nyuma, nimekuta matope yaliyokauka yakawa magumu, na nilipoyakwangua nimeona kutu yenye upana wa kama ukucha wa kidole gumba. Nimeigonga kwa mpini wa bisibisi na bati linalia vizuri, halikubonyea. Jambo jingine limenishangaza: bamba lile lenye ufa lina herufi PP zilizochongwa nyuma, lakini mengine hayana alama hiyo, na hata unene wake ni tofauti.

Baba: Mlango huo uliwahi kugongwa kabla sijalinunua gari. Bila shaka bamba lilibadilishwa wakati huo.

Mjomba Hamisi: Sasa tumejua kwa nini hilo ndilo lililobanduka kuliko yote. PP ni polipropilini, plastiki ambayo rangi haipendi kuishika. Kama aliyelibadilisha alipuliza praima ya kawaida, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia zile za juu, moja kwa moja, rangi ilikaa juu yake bila kushikamana nayo. Salma, dondoshea maji mahali palipobanduka. Yakijikusanya matone badala ya kutandaa, unajua unashughulika na nini.

Salma: Yamejikusanya matone na kuteleza mara moja.

Mjomba Hamisi: Basi bamba hilo lifanyiwe kazi peke yake. Rangi yote ya zamani iondolewe kwa msasa, na wala usikubali mtu akuletee dawa ya kuondolea rangi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuila plastiki yenyewe. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke, lipanguswe kwa kisafishio cha mafuta, kisha lipate praima ya plastiki, ile nyepesi isiyo na rangi, ndipo praima ya kujaza ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkebe. Mabamba mengine, pale ambapo rangi ya kiwandani bado imeshika, hayana haja ya kuvuliwa mpaka kwenye plastiki. Lainisha kingo za mahali palipobanduka kwa msasa namba 400 mpaka kidole kisihisi ngazi, ujaze kwa praima, kisha umalizie kwa namba 800 na maji. Ila popote ulipotokeza plastiki tupu, praima ya plastiki ipite hapo kwanza.

Yusufu: Na ufa? Nina gundi kali hapa nyumbani.

Mjomba Hamisi: Iache gundi yako ipumzike. PP haikubali gundi za kawaida, kama isivyokubali rangi. Toboa tundu dogo kabisa mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, kisha uchomelewe kwa nyuma kwa kijiti cha PP hiyo hiyo, huku wavu mwembamba wa chuma ukizamishwa ndani ya plastiki iliyoyeyuka ili kuipa nguvu. Kwa mbele chonga mfereji mdogo kuufuata ufa, ujaze, usawazishe kwa msasa. Kuchomelea si kazi ya kujifunzia kwenye bamba la Baba, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande chochote kibovu chenye alama ya PP.

Salma: Na ile kutu, Mjomba?

Mjomba Hamisi: Ikwangue mpaka chuma king'ae na uvuke kidogo kuingia kwenye rangi nzima pande zote, upake praima ya kuzuia kutu, rangi, kisha nta ya kuzuia kutu. Zibua matundu yote ya kutolea maji chini ya milango na kwenye kizingiti, na uangalie nta isiyazibe tena. Usiharakishe hapa. Mtu atakayeyatoa mabamba haya tena huenda hajazaliwa.

Shangazi Rehema: Nimesoma yote tangu jana na nimenyamaza, lakini sasa naomba nisikilizwe. Nani atakayepuliza vanishi, na ataipuliza wapi?

Yusufu: Mimi, Shangazi, uani, na barakoa ninayo.

Shangazi Rehema: Barakoa ya vumbi? Yusufu mwanangu, vanishi inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, huwa na kemikali za sumu ziitwazo isosayaneti, na barakoa ya vumbi haizuii chochote katika hizo. Isosayaneti huweza kumfanya mtu apate pumu ambayo hakuwa nayo, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kumbana kifua. Ukungu wake hauna harufu kali ya kukuonya kwa wakati. Anayeipuliza kwa usalama huvaa kifaa kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, akafunika ngozi na macho, ndani ya chumba chenye mashine ya kuvuta hewa. Mikebe midogo ya kubonyeza yenye hadena ndani nayo ni vile vile, udogo wa mkebe haupunguzi sumu.

Baba: Dada Rehema amesema, na mimi nasema hivyo hivyo. Hakuna vanishi ya hadena itakayopulizwa uani kwangu.

Mjomba Hamisi: Na ndivyo ningeshauri hata kama afya isingehusika. Gawanyeni kazi. Kutoa, kuosha, kutibu kutu, kuziba ufa na msasa ni kazi ya Salma na Yusufu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ambayo fundi akibanwa na muda huiruka. Hata hiyo praima ya kutu kwenye gari iwe ya kupaka kwa brashi. Vumbi la msasa lilowesheni kwa maji, na barakoa ya Yusufu itafaa hapo. Praima za plastiki, rangi na vanishi apulize fundi mwenye chumba cha kupulizia. Mwambieni mambo mawili. La kwanza, vipande vyote viingie chumbani pamoja, na vitundikwe vikiwa vimesimama jinsi vinavyosimama kwenye gari, kwa sababu kijivu hiki kina chembe za metali, na chembe hizo hulala kwa kufuata namna bamba lilivyokaa na namna mkono ulivyopita; bamba lililopulizwa likiwa limelazwa mezani laweza kuonekana jeusi zaidi likirudishwa mlangoni, ingawa rangi imetoka mkebe mmoja. La pili, asiongeze joto la kukaushia kama afanyavyo kwa boneti ya chuma. Mabamba marefu ya plastiki yakipata joto kupita kiasi hupinda, na bamba lililopinda halikai tena kwenye vibanio vyake.

Salma: Na baada ya hapo nisubiri muda gani kabla ya kuyarudisha?

Mjomba Hamisi: Fuata maelekezo ya vanishi itakayotumika, lakini mimi huongeza siku kadhaa, kwa sababu rangi ikiwa kavu kwa kuguswa bado ni laini kwa kubanwa, na kazi ya kurudisha ni kubana. Weka vibanio vipya kwenye matundu yake na upake nta kidogo kwenye kila tundu. Anzia mwisho mmoja wa bamba ukibonyeza kwa kiganja, na kabla ya kukaza kibanio cha mwisho fungua mlango polepole huku mwenzako akiangalia pengo kati ya bamba la mlango na lile la mbele yake. Yakigusana, rangi mpya itachubuka siku hiyo hiyo. Nta ya kung'arisha isiguse mabamba kwa mwezi mmoja hivi.

Salma: Nimeelewa, Mjomba. Nimevihesabu vipande vyote, na vile vifuniko vidogo vinne vya mahali pa jeki sivioni kwenye sanduku.

Yusufu: Viko kwangu. Nilivitoa mwezi uliopita nilipobadilisha tairi, nikaona vyeusi vinapendeza, nikavipaka vyeusi.

Baba: Yusufu.

Yusufu: Navileta sasa hivi, Baba, na msasa wa namba 400 nao nauleta.