Tupeane uzoefu: Twin Peaks itazamwe vipi ili uhondo usipotee?

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks kwa undani. Kila mmoja aweke analolijua: mpangilio wa kutazama, sauti zilivyotengenezwa, ilikopigwa picha, hata ile pai ya cheri inayoliwa humo. Sharti ni moja tu, jina la aliyemuua Laura Palmer, msichana ambaye kifo chake ndicho fumbo la hadithi, lisitajwe. Kuna watu wanaanza leo.

Naweka msingi. Waanzilishi ni Mark Frost na David Lynch. Kituo cha ABC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza tarehe 8 Aprili 1990. Msimu wa kwanza una sehemu 8 na wa pili 22. Filamu ya Fire Walk with Me ilitoka 1992, kisha kimya kirefu mpaka 2017, kituo cha Showtime kilipotoa sehemu 18 zilizoongozwa zote na Lynch. Tazama kwa mfuatano huohuo. Filamu inasimulia siku za mwisho za Laura, hivyo wengi hudhani ndiyo ya kuanza nayo. Ni kosa kubwa sana, maana muuaji yuko wazi humo, na sehemu 14 za mwanzo zitakufia mikononi.

Jihadharini pia na namba. Mashabiki wa zamani hawaihesabu ile sehemu ndefu ya ufunguzi, kwa hiyo "sehemu ya 14" kwao ni ya 15 kwako. Majina ya sehemu unayoyaona leo nayo hayakuwapo mwanzoni. Yalitokana na yale yaliyotumika zilipoonyeshwa Ujerumani.

Mzee wa Kanda

Naongezea mtego mwingine. Sehemu ya ufunguzi ipo katika matoleo mawili. La Marekani lina takriban saa moja na nusu. La Ulaya linazidi kwa karibu dakika 20, kwa sababu mkataba ulimtaka Lynch apige mwisho kamili ili iuzwe huko kama filamu inayojitegemea. Ukiona kesi inafungwa usiku uleule, zima, umeshika toleo la Ulaya. Mwisho huo si sehemu ya hadithi. Lakini ndimo chumba chekundu, kile cha mapazia, kilimozaliwa, na Lynch akavichukua vipande vyake na kuvitia katika ndoto ya Cooper, mpelelezi wa FBI anayeshughulikia kesi, kwenye sehemu ya tatu.

Anayenunua diski zilizotumika akague seti ya msimu wa kwanza iliyouzwa Marekani 2001: haina sehemu ya ufunguzi kabisa, kwa sababu ya haki za usambazaji. Seti ya 2007 inayo, tena matoleo yote mawili.

Fundi Sauti

Mimi nizungumzie ile lugha ya chumba chekundu, kwa sababu watu wanadhani ni kompyuta. Si kompyuta. Mwigizaji alijifunza kuitamka sentensi kinyumenyume, akarekodiwa, kisha utepe ukageuzwa. Hata mwendo ulipigwa kinyume, ndiyo maana miguu inaonekana kama inavutwa na sakafu. Michael J. Anderson, anayeigiza yule mtu mfupi wa chumba hicho, tayari alikuwa anajua kuongea hivyo tangu ujana wake, jambo lililomrahisishia Lynch kazi.

Simu yoyote yenye programu ya kugeuza sauti inatosha kujaribu. Rekodi "kahawa nzuri" kwa sauti ya kawaida. Igeuze, usikilize vipandevipande. Utasikia kitu kama "iruzn awahak". Kiige ulivyokisikia, usifuate ulivyokiandika, urekodi, halafu ugeuze tena.

Tabu huja kwenye k, p na t. Maneno yetu mengi huanza na konsonanti na kuishia na irabu, kwa hiyo yakigeuzwa konsonanti inaangukia mwishoni, na ulimi wetu hauna mazoea ya kuiachia pale. Ukiimeza hiyo k ya mwisho, ukigeuza utapata "ahawa". Iachie kwa pumzi, isikike. Irabu na herufi kama m, n na l hazisumbui. Kosa la pili ni kutaka iwe safi. Ikiwa safi kabisa itafanana na mazungumzo ya kawaida, na kazi yote itakuwa bure. Acha lafudhi ipinde, ndiyo inayomtia msikilizaji baridi.

Na jamani, vaeni vipokea sauti masikioni. Muziki wa Angelo Badalamenti unabeba nusu ya hadithi, na katika zile 18 za 2017 mvumo wa umeme unakuambia nani yuko karibu kabla hujamwona.

Jicho la Bundi

Mwishoni mwa sehemu ya ufunguzi, mama yake Laura anainuka ghafla kwenye kochi akipiga kelele. Simamisha picha hapo utazame kioo kilicho nyuma yake. Mtu anayeonekana ni Frank Silva, mpamba seti. Taswira yake iliingia kwa bahati mbaya. Lynch alipoambiwa hakuikata, na hapo ndipo BOB, yule kiumbe wa kutisha wa tamthilia, alipopata sura. Kwa mashabiki wengi hiki ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote.

Mzee wa Kanda

Kuhusu katikati ya msimu wa pili: baada ya sehemu yake ya tisa kasi inashuka vibaya. Lynch hakutaka muuaji ajulikane mapema, ABC wakashinikiza, na fumbo lilipofunguka waandishi wakabaki wanatafuta pa kushika. Safari ya James na yule mwanamke tajiri unaweza kuipeleka mbele bila hasara. Ila msiruke sehemu nzimanzima, maana Meja Briggs anatoweka mwishoni mwa ya 10, na jambo hilo lina uzito mpaka zile za 2017.

Mwenye haraka azijue alizoongoza Lynch mwenyewe: ya kwanza na ya tatu za msimu wa kwanza, ya 1, 2, 7 na 22 za msimu wa pili. Hiyo ya 22, iliyorushwa 10 Juni 1991, aliibadilisha sana kutoka ilivyoandikwa. Hakuna kilichofanana nayo kwenye televisheni ya wakati ule.

Ramani

Cooper anasema mji wa Twin Peaks uko maili 5 kusini mwa mpaka wa Kanada na maili 12 magharibi mwa mpaka wa jimbo. Ukipima unaangukia pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Washington. Picha zenyewe zilipigwa upande mwingine kabisa, Snoqualmie na North Bend, mashariki kidogo ya Seattle. Hoteli iliyo juu ya maporomoko ni Salish Lodge, lakini ukiingia ndani hutaikuta ile ya kwenye tamthilia: ndani palipigwa Kiana Lodge, Poulsbo, na ufukwe ulipookotwa mwili uko hukohuko. Mgahawa wa RR wa kwenye tamthilia ni Twede's Cafe, North Bend. Uliungua mwaka 2000, ukarudishiwa sura ya zamani 2015 kwa ajili ya msimu mpya.

Jikoni

Pai ya cheri kwa sahani ya sentimita 23: cheri chachu gramu 900 zilizotolewa kokwa, sukari gramu 200, konflawa vijiko vikubwa 4, maji ya limao kijiko kimoja. Oka nyuzi 200 kwa dakika 20, kisha 180 kwa dakika 40 mpaka uji utokote katikati, si pembeni tu. Konflawa isipotokota haishiki. Halafu iache ipoe saa 3. Ukikata ikiwa moto, rojo yote itakimbilia kwenye sahani.

Mgeni

Picha kwenye runinga yangu inaacha weusi pande zote mbili. Diski mbovu?

Mzee wa Kanda

Diski ni nzima, karibu sana. Misimu miwili ya kwanza ilitengenezwa kwa upana wa 4:3. Usiitanue; nyuso zitapanuka na utapoteza fremu zilivyopangwa. Filamu na zile 18 zitajaza kioo zenyewe.