Nimepata harusi ya kwanza Mji wa Kale, wakongwe wa kamera nisaidieni

Kijana wa Tudor
Asalaam aleikum wanajamii, na wengine hamjambo.

Mimi hupiga picha za kawaida tu: siku za kuzaliwa, wahitimu wa vyuo, bidhaa za watu wanaouza mtandaoni. Sasa rafiki ya dada yangu amenipa harusi ya nduguye. Nikaha ni Ijumaa baada ya swala ya alasiri, msikiti mmoja hapo Mji wa Kale. Baada ya hapo maharusi wanataka picha za ufuoni jua likizama baharini, wamenionyesha mfano kwenye simu. Jumamosi usiku kupamba, ile sherehe ya wanawake, ukumbini. Yote kwa elfu 25.

Kamera yangu si mpya. Nina lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo na nyingine ya milimita 50. Flashi sina. Nimepata duka litakalonipa lenzi kubwa kwa mkopo, nilipe kidogo kidogo. Nichukue? Na huko kwenye kupamba naingiaje, mwanamume mimi? Mengine ambayo mnaona sijayauliza, niambieni pia.

Mkaanga Viazi
Jua kuzama baharini Mombasa? Basi harusi ihamie Zanzibar. Hapa kwetu bahari iko mashariki.

Kijana wa Tudor
Kaka nimecheka halafu nikaogopa. Sikuwa nimefikiria hilo kabisa.

Bi Zafarani
Mdogo wangu, kazi ya kupamba usiikubali. Ustadi wako sijautia shaka, ila humo ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele zimetengenezwa, hina na piko mpaka viwikoni, na mlangoni amekaa dada anayekusanya simu za watu na kuzibandika nambari. Hata wanaogawa chakula ni wanawake. Mwanamume anayeingia ni bwana harusi, tena mwisho mwisho, na kabla hajatia mguu hutangazwa watu wajifunike. Waambie wenye harusi sasa hivi kwamba usiku huo utawatafutia mpiga picha wa kike, na bei yake iandikwe mbali na yako.

Na usimtafute wa kubahatisha. Picha za kupamba hazifai kuzagaa. Mimi kadi ya kamera siitii mkononi mwa mtu, nahariri mwenyewe kwangu, na kuchapisha nina mama mmoja mwenye mashine ambaye hufunga mlango tukifanya kazi. Nikishakabidhi albamu, mama wa bibi harusi ndiye aamuaye: nibaki na nakala au nifute mbele ya macho yake. Wengi husema nifute. Nafuta.

Halafu taa. Kumbi za siku hizi zina zile taa za zambarau na buluu zinazozunguka. Zikimpiga bibi harusi usoni, picha hiyo huiokoi kwa programu yoyote. Mimi huenda kwa mpambaji kabla wageni hawajafika, namwomba bibi akiingia na akishaketi zibaki taa nyeupe peke yake. Ukimwomba mapema anakubali. Ukimwomba ngoma ishakolea atakutolea macho.

Shabaha
Mimi niseme kidogo kuhusu mkopo. Lenzi nzuri inajilipa. Harusi tatu nne umeimaliza. Chukua, kijana, usiogope maisha.

Mzee Negativu
Shabaha, harusi hizo tatu nne ameshazipata? Ana moja, tena ya elfu 25.

Mwanangu, usikope. Hiyo ya milimita 50, kama ni ya f/1.8 inayofunguka wazi kuingiza mwanga mwingi, nikaha nzima utaimaliza nayo. Pesa kidogo uliyo nayo kodi flashi moja na kamera ya pili kwa siku hiyo. Kamera ya pili ndiyo nakusisitizia. Ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, ni sekunde chache: shekhe ameshika mkono wa walii wa bibi harusi na wa bwana harusi, maneno yanatamkwa, kwisha. Kamera ikizima hapo, nani atamwambia shekhe arudie?

Fika msikitini kabla ya swala. Vua viatu, vaa kanzu au shati la mikono mirefu, na umwone imamu umwombe ruhusa wewe mwenyewe, hata kama wenye harusi wamekwambia mambo yote sawa. Muulize kuhusu flashi. Wako wanaoruhusu, wako wasioipenda. Hata ukiruhusiwa, usiimulike machoni mwa shekhe wakati wa khutba. Ukae chini na wenzako, usisimame juu ya vichwa vya watu, wala usipite mbele ya anayeswali sunna. Chagua upande ambao mikono mitatu itaonekana, maana wajomba na maami wote watasogea kwa magoti na simu zao, na dakika ya mwisho hutapata upenyo.

Sasa sikiliza hili la kanzu, ndilo linalowaponza vijana. Kamera haijui kanzu ni nini. Ikiona weupe mwingi mbele yake hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso za watu wetu zinatoka giza tupu. Kundi la wanaume thelathini wenye kanzu nje ya msikiti ni mtego kamili. Ongeza mwanga kwa mkono, theluthi mbili ya hatua au hatua nzima ya kipimo cha mwanga, halafu kuza picha utazame mashavu na paji la uso. Ukiona nyuzi za kanzu bado zipo na uso unasomeka, hapo umefika. Kwa mabuibui ni kinyume chake: kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, na uso unaungua. Punguza. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili ukikosea kidogo pawe na pa kurekebisha.

Baada ya halwa na kahawa, bwana harusi atapelekwa nyumbani kwa bibi kumpa mkono. Hapo ngoja uitwe na kaka zake bibi, usijipeleke. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni vyumba vyembamba na dari ya boriti. Mmefundishwa kuelekeza flashi kwenye dari, sivyo? Boriti za kale ni nyeusi, zinaumeza mwanga wote na hazikurudishii kitu. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni, kidogo nyuma ya bega lako. Utapata mwanga laini wa upande mmoja. Wazee wetu waliokwenda kupigwa picha kwa Parekh, yule mwenye studio hapa mjini miaka ya hamsini na sitini, wamebaki wazuri kwenye fremu mpaka leo kwa sababu mwanga ulipangwa kwanza, kitufe kikabonyezwa baadaye. Enzi hizo roli ya filamu ya 120 ilikupa picha kumi na mbili tu kwenye kamera ya mraba, huwezi kumwaga hovyo.

Naandika kwa simu, vidole vimechoka. Nitarudi kuhusu ufuoni.

Kijana wa Tudor
Ami, Mungu akupe umri. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nasubiri.

Mkaanga Viazi
Mie sina kamera lakini nasoma kama nina mtihani kesho.

Mzee Negativu
Nimerudi, nilikuwa natia betri chaji.

Waambie maharusi ukweli mapema: Nyali na Bamburi jua linachomoza baharini, halizami humo. Kama wanalitaka jua lenyewe juu ya bahari, waamke waje alfajiri. Wakishaacha kucheka, wape hili: upande wa Mkomani, ukitazama ng'ambo ya maji kuelekea Mji wa Kale, jua huzama nyuma ya zile nyumba na maji yako mbele yenu. Mandhari hayo kwangu yanashinda ufuo mtupu.

Ila piga hesabu ya saa. Jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na kwa vile tuko karibu na ikweta linashuka wima, giza halichelewi. Alasiri Ijumaa, halwa, mkono, wajomba kupiga picha za pamoja, kisha daraja la Nyali saa ya watu kutoka kazini. Mtafika mkute taa za barabarani. Kama hamwezi kuondoka Mji wa Kale ifikapo saa kumi na moja, bakini huko huko. Vichochoro vile vina kivuli safi, ukuta mweupe mmoja unarudisha mwanga kwenye uso, na milango ya nakshi iko kila kona. Bisha hodi, mwombe mwenye mlango. Sijawahi kunyimwa nilipobisha. Waliopiga bila salamu nimeona wakimwagiwa maji ya kufulia.

Ngome ya Yesu ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Kupiga picha za biashara mle kuna ruhusa na ada yake, kaulize langoni siku kabla, usiende na bibi harusi amevaa tayari halafu uanze kubishana na askari. Kivukoni Likoni na bandarini usitoe kamera hata kidogo.

Upepo wa Kusi
Naongeza la maji kama wataamua kwenda Nyali. Atazame jedwali la kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji hupita mita tatu, na yakijaa ufuo sehemu nyingine hauko tena, mnabanwa na kuta za mahoteli. Nguo ya bibi harusi ikishika maji ya chumvi hiyo ni kesi nyingine. Na lenzi asibadilishe mchangani, upepo ukivuma chembe zinaingia ndani.

Mzee Negativu
Ahsante Kusi. Na chumvi yenyewe: jioni ile ile futa bodi ya kamera kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Asiache mpaka kesho.

Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia joto letu, lenzi inashika umande mara moja. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa izoee joto, ndipo uitoe. Usiifute futa, utaupaka tu. Na usiiweke kamera kabatini ndani ya mkoba wa ngozi msimu wa mvua. Pwani kuvu inakula vioo. Nunua dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia pakiti za silika za kunyonya unyevu, na kila mwezi mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa pembeni, fundi mapema. Lenzi ya kukodi pia imulike hivyo kabla hujatoka dukani, na mwenye duka akiwa anaona, asije akakusingizia.

Wakili wa Uani
Habari zenu. Niongeze la karatasi, maana hakuna aliyelitaja.

Kijana, watu wengi hudhani picha ni ya aliyeipiga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo ukitaka kuzitumia kujitangaza, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa za kazi, picha ngapi, albamu lini, arubuni kiasi gani, na picha zipi unaruhusiwa kuzionyesha.

Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sasa fikiria picha ya binti wa watu aliyefunuliwa uso.

Mzee Negativu
Wakili kanena. Arubuni ni nusu, kwa M-Pesa, kabla ya siku yenyewe, na baki kabla ya kukabidhi albamu. Mimi nimekaa na albamu ya mtu kabatini muda mrefu sana, bwana harusi akisema atalipa akirudi kutoka Oman. Alirudi. Ameshazaa. Albamu bado ninayo.

Na bei yako, mwanangu. Toa kodi ya vifaa, usafiri, albamu, na dada wa kupamba. Kwenye hiyo 25 kitabaki nini? Rudi kwao na karatasi ya hesabu, wasomee mstari kwa mstari. Watu wa harusi huelewa hesabu, mbuzi wenyewe wanawanunua kwa hesabu.

Kijana wa Tudor
Nimempigia dada yangu sasa hivi. Wamekubali kupamba niitoe, watamlipa mpiga picha wa kike wenyewe, na Ijumaa peke yake wanipe elfu 22, nusu kesho. Mkomani wamesema haiwezekani kwa wakati, kwa hiyo vichochoroni.

Mzee, kadi za memori je? Ninazo mbili.

Mzee Negativu
Tumia zote mbili, kila kamera yake. Usifute kitu kazini hata kama imejaa, nunua ya tatu. Ukifika nyumbani nakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje kabla hujala. Kadi zikae bila kuguswa mpaka siku wanayopokea albamu.

Shabaha
Haya, nimeshindwa kwa hoja. Lakini flashi ninayo, kijana, sikukodishi. Nakuazima. Irudi na betri zake.

Bi Zafarani
Kijana, hao wenye harusi wameshapata mtu wa Jumamosi? Mimi usiku huo nina shughuli Kisauni lakini binti niliyemfundisha yuko huru, na anajua masharti yote niliyosema hapo juu. Mpe dada yako ujumbe anitafute yeye, si wewe, tupange na mama wa bibi harusi.